Tokata: Muziki wa Kujaribu Kinanda na Mkono

Leo twataka kuzungumza habari za muziki mmoja wa Ulaya uitwao tokata. Huenda wengine wenu mmekwisha kuusikia katika santuri au katika redio pasipo kujua jina lake: kinanda kikubwa chanena kwa sauti kuu kama ngurumo, vidole vya mpigaji vyakimbia juu na chini, na msikilizaji ashangaa, asijue kama mtu yule anacheza au ana hasira. Wengi wakisikia hayo husema, "Kumbe! Huyu ni hodari, maana ana mbio." Sisi twapenda kuwaonyesha leo kwamba neno hilo ni kweli nusu tu. Kiini cha tokata si mbio. Kiini chake ni jaribio, na mbio zisizotawaliwa hushindwa katika jaribio hilo.

Hatusemi hivi kwa kuwa tumesoma vitabuni tu. Jambo hili lilitupata wenyewe. Zamani, tulipokuwa tungali tukijifunza kazi ya ualimu, tulipewa zamu ya kupiga kinanda katika ibada ya asubuhi. Kilikuwa kinanda kidogo cha kukanyaga, ambacho pumzi yake hutoka katika mivukuto iliyo chini, na mpigaji hana budi kuikanyaga kwa miguu muda wote apigapo. Tulikuwa tumejifunza kwa siri kuupamba mwisho wa wimbo kwa vidole vya mbio, tupate kusifiwa na wenzetu. Siku ile vidole vilikwenda mbio kweli kweli. Lakini fikira zetu zote zilikuwa katika vidole, na miguu ikasahauliwa. Katikati ya ubeti wa mwisho pumzi ikaisha, kinanda kikalia kama mbuzi, kisha kikanyamaza. Wenzetu wakaendelea kuimba peke yao, wengine wakicheka nyuma ya vitabu vyao. Mwalimu wetu hakutukemea. Baada ya ibada alituambia tukae tena kitini, tubonyeze kibao kimoja tu, na kukisikiliza mpaka sauti ife. Kisha kibao cha pili, kisha cha tatu. Tulidhani ni adhabu. Baada ya miaka mingi ndipo tulipofahamu kwamba lile lilikuwa somo letu la kwanza la tokata.

Neno tokata latoka katika lugha ya Kiitaliano, na maana yake ni "kilichoguswa". Waitaliano walikuwa na majina matatu yaliyofanana: kantata, yaani kilichoimbwa, sonata, yaani kilicholizwa, na tokata, yaani kilichoguswa kwa vidole. Basi jina lenyewe latufundisha. Halisemi "kilichokimbizwa", wala halisemi "kilichoshangiliwa". Lasema habari za kidole na kibao, na jinsi viwili hivyo vinavyokutana.

Mwanzo wa tokata ulikuwa wa kazi, wala si wa maonyesho. Katika makanisa makubwa ya Italia, katika karne ya 16, waimbaji walihitaji kupewa sauti ya kuanzia. Kwa hiyo mpiga kinanda alitangulia kugusa vibao: mara alishika sauti nyingi pamoja na kuzikalisha, mara aliupitisha mkono mmoja mbio toka chini hata juu. Kwa kufanya hivyo alipata mambo matatu kwa mara moja. Waimbaji walijua waanzie wapi. Watu waliokuwa wakinong'ona walinyamaza. Na yeye mwenyewe alijua hali ya kinanda chake siku ile, bomba lipi ni zima na lipi limeharibika. Ni kama mpiga ngoma agongavyo ngozi kwa ncha za vidole kabla ya ngoma kuanza, apate kujua kama imekaza au yataka kuota moto tena.

Mtu mmoja aliyeikuza desturi hii hata ikawa muziki kamili ni Claudio Merulo, aliyekuwa mpiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice tangu mwaka 1557 hata 1584. Vitabu viwili vya tokata zake vilipigwa chapa mjini Rome, cha kwanza mwaka 1598, na cha pili mwaka 1604, ndio mwaka aliokufa. Merulo alijua pia kazi ya kuunda vinanda; basi si ajabu kwamba muziki wake wafanana na fundi apimaye kazi yake mwenyewe.

Kabla ya kwenda mbele yafaa tueleze vyombo vyenyewe, maana tokata hufuata tabia ya chombo chake, kama vile mtumbwi ufuatavyo tabia ya mti uliochongwa. Vyombo vyenyewe ni vitatu.

Cha kwanza ni kinanda cha mabomba. Ndani yake mna mamia ya mabomba, na pengine maelfu, mengine ya madini na mengine ya mti. Mpigaji akibonyeza kibao, mlango mdogo hufunguka chini ya bomba, upepo hupita, nalo bomba hulia kama filimbi. Maadamu kidole kimekaa juu ya kibao, sauti haipungui. Chini pana vibao vikubwa vya kukanyaga kwa miguu, ndivyo vitoavyo sauti nene. Na kando pana vishikio vya kuvuta, ambavyo kila kimoja huita safu yake ya mabomba. Siku za zamani upepo ulitiwa na watu waliokanyaga mivukuto mikubwa kama ya wahunzi. Siku hizi aghalabu kazi hiyo hufanywa na mtambo wa umeme.

Cha pili ni harpsikodi, nayo ni sanduku refu lenye nyuzi za madini. Kibao kikibonyezwa, kipande kidogo cha unyoya wa ndege huudonoa uzi, kama kidole kidonoavyo uzi wa gambusi au gitaa. Sauti yake ni kali na nzuri, lakini hufa upesi. Tena ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, ukubwa wa sauti haugeuki sana.

Cha tatu ni piano, iliyovumbuliwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700. Humo uzi haudonolewi, bali hupigwa kwa kinyundo kilichovikwa kitu laini. Hapo ndipo mkono ulipopata uwezo mpya: kidole kizito hutoa sauti kubwa, na kidole chepesi hutoa sauti ndogo.

Sasa twataka kuwataja watunzi watano ambao tokata zao twazipenda kuliko nyingine. Hatuzipendi kwa sababu moja, maana kila mtunzi alijaribu jambo lake.

Wa kwanza ni Girolamo Frescobaldi. Alizaliwa Ferrara mwaka 1583, na tangu mwaka 1608 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Petro mjini Rome. Kitabu chake cha kwanza cha tokata kilitoka mwaka 1615, na cha pili mwaka 1627. Katika dibaji yake aliwaeleza wapigaji jambo lililowashangaza wengi: kwamba tokata haipigwi kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hata mwisho, kama askari watembeavyo. Mahali pengine mpigaji akawie, mahali pengine aharakishe, kwa kufuata maana ya muziki. Alisema pia kwamba mwanzo wa tokata upigwe polepole, na sauti zinazoandikwa pamoja zilizwe moja baada ya moja, ili chombo kisikae kitupu. Mwaona hekima yake? Kwa kuwa sauti ya harpsikodi hufa upesi, yeye hakuilaumu harpsikodi. Aliufundisha mkono kuzimwaga sauti kidogo kidogo, kama mtu amwagavyo mtama toka kapuni, ili pasiwe na kimya kisichotakiwa.

Zaidi ya yote twaipenda tokata ya tisa ya kitabu chake cha pili. Ni ngumu kupita kiasi, kwa sababu mara nyingi mkono mmoja wafuata hesabu moja na mkono wa pili hesabu nyingine. Mwishoni mwake Frescobaldi aliandika neno fupi la kumwonya mpigaji, kwamba mwisho haufikiwi bila taabu. Sisi Waswahili twalijua neno hilo kwa njia yetu: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini fikirini: mtu yule yule aliyempa mpigaji ruhusa ya kukawia na kuharakisha apendavyo, ndiye aliyemwambia kwamba hatafika pasipo taabu. Uhuru na taabu kwake havikuwa maadui. Mtu aliyekwisha kujifunza hesabu barabara ndiye awezaye kuilegeza bila kupotea. Asiyejifunza hailegezi, bali huipoteza.

Wa pili ni Johann Sebastian Bach, Mjerumani, aliyezaliwa Eisenach mwaka 1685. Alifiwa na mama na baba alipokuwa bado mtoto, akalelewa na kaka yake. Mwaka 1703 alipata kazi ya kupiga kinanda katika mji mdogo wa Arnstadt. Mwishoni mwa mwaka 1705, akiwa na miaka 20, aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza mpigaji mkuu aliyeitwa Dietrich Buxtehude. Mwendo wa kwenda wapata zaidi ya kilomita 400, naye, kama habari zake zisemavyo, alikwenda kwa miguu. Alipofika akasahau ruhusa yake. Hakurudi baada ya wiki nne, bali baada ya miezi minne hivi. Wakubwa wake wakamwita wakamkemea, kwa kukawia kule, na tena kwa kuwa tangu hapo alipamba nyimbo kwa namna ngeni hata watu wakachanganyikiwa. Sisi walimu hatuwafundishi wanafunzi kuvunja ruhusa. Walakini twakiri kwamba katika miguu ile iliyotembea mwendo huo wote palikuwa na kiu ya elimu iliyozaa matunda makubwa.

Tokata yake ijulikanayo kuliko zote ni Tokata na Fuga ya sauti ya D, ile ambayo huanza kwa sauti moja ya juu inayotetemeka mara moja, kisha kimya, kisha sauti zateremka kama maji ya maporomoko. Mwaka 1940 ilitiwa katika mwanzo wa sinema ya Marekani iitwayo Fantasia, nayo ikasikiwa duniani kote. Fuga ifuatayo ni muziki wa kufuatana: sauti moja yatangulia na wimbo mfupi, ya pili yaupokea, ya tatu yaupokea tena, kama waimbaji wapokeanao katika kazi ya kutwanga au ya kuvuta kasia, ila hapa hakuna anayenyamaza baada ya kupokewa. Yatupasa kuwaambia pia kwamba nakala iliyoandikwa kwa mkono wa Bach mwenyewe haijapatikana. Nakala ya zamani iliyopo iliandikwa na Johannes Ringk, na wataalamu wengine wametia shaka kama kweli ni kazi ya Bach. Shaka hiyo haiupunguzi uzuri wa muziki.

Bach aliitwa mara nyingi kwenda kukagua vinanda vipya. Mwanawe Carl Philipp Emanuel alieleza jinsi baba yake alivyofanya: kwanza alivuta vishikio vyote na kupiga kwa sauti nyingi kadiri ilivyowezekana, huku akisema kwa mzaha kwamba ataka kujua kama kinanda kina mapafu mazuri. Waundaji wa vinanda waliogopa kwa kusikia hivyo, maana kinanda chenye pumzi haba hakikuweza kujificha. Tuliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tulicheka, kisha tukaona haya, tukikumbuka kinanda chetu kilicholia kama mbuzi. Bach alianza na pumzi, vidole baadaye. Sisi tulianza na vidole, na pumzi hatukuikumbuka kamwe.

Wa tatu ni Robert Schumann, Mjerumani pia, aliyezaliwa Zwickau mwaka 1810. Habari yake ni ya huzuni. Katika ujana wake alitamani kuwa mpiga piano mkubwa, akajifunza kwa bidii nyingi mjini Leipzig. Lakini kidole cha mkono wake wa kulia kilianza kukataa kazi, kisimtii. Alikuwa ametumia chombo cha kuvizoeza vidole, na watu wengi wamesema ndicho kilichomdhuru. Wengine wamedhani ni ugonjwa. Kwa vyovyote, njia ya kuwa mpigaji ilifungwa, akawa mtunzi.

Katika miaka hiyo hiyo aliitengeneza Tokata yake ya piano, iliyopigwa chapa mwaka 1834. Humo mkono mmoja hupiga sauti mbili mbili kwa pamoja, bila kupumzika, vidole dhaifu vikifanya kazi sawa na vidole vya nguvu. Yaani mtu aliyepungukiwa na kidole aliandika mojawapo ya kazi zilizo ngumu kuliko zote kwa vidole vya wengine. Aliiandika kwa heshima ya rafiki yake Ludwig Schunke, mpiga piano hodari aliyekuwa mgonjwa wa kifua, naye akafa mwezi wa Desemba mwaka ule ule wa 1834, umri wake miaka 23. Clara Wieck, ambaye baadaye alikuwa mkewe Schumann, aliipiga mbele ya watu akiwa bado msichana. Tena kuna jambo moja ambalo twaomba mlisikilize mkiipata santuri yake: tokata hii, baada ya nguvu zote zile, haiishi kwa kishindo. Yaisha polepole, kwa sauti ndogo, kama mtu awekaye mzigo mzito chini bila kuuangusha.

Wa nne ni Charles-Marie Widor, Mfaransa, aliyezaliwa Lyon mwaka 1844. Mwaka 1870 alipewa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris kwa muda tu, naye akakaa humo hata mwisho wa mwaka 1933, karibu miaka 64. Kinanda chenyewe kilitengenezwa na Aristide Cavaillé-Coll, kikamalizika mwaka 1862, nacho kina safu tano za vibao vya mikono. Tokata yake ni sehemu ya mwisho ya simfonia yake ya tano ya kinanda, iliyotoka mwaka 1879, na hata leo hupigwa sana katika arusi watu watokapo kanisani. Mkono wa kulia warudia sauti fupi fupi zisizokoma, mkono wa kushoto wakata kwa sauti za pamoja, kisha miguu yaingia chini kwa wimbo mpana, kama mzee aingiapo barazani vijana wakizungumza.

Vijana wengi wapigao tokata hii hushindana kwa mbio. Lakini mwaka 1932 Widor mwenyewe, umri wake miaka 88, aliipiga Saint-Sulpice, na sauti yake ikanaswa katika santuri. Aisikilizaye hushangaa, maana yule mzee aipiga polepole kuliko wengi wa wapigaji wa leo. Wengine wamesema ni kwa sababu ya uzee. Huenda, lakini sisi twaona sababu nyingine. Kanisa lile ni kubwa sana, kuta zake za mawe, na sauti haifi mara moja bali yarudi na kurudi tena. Ukipiga kwa mbio nyingi, sauti ya kwanza haijafa ya kumi imekwisha kuja, na yote yawa uji. Mtu aliyekaa humo zaidi ya miaka 60 alijua muda ambao kila sauti yataka upate kusikika. Hakupiga kinanda peke yake; alilipiga na kanisa pia.

Mwanafunzi mmoja wa Widor amejulikana sana katika Afrika, naye ni Albert Schweitzer. Mwaka 1905 alitoa kitabu kikubwa juu ya Bach, kisha akasomea uganga, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné katika nchi ya Gabon kutibu wagonjwa. Alidhani ameuaga muziki. Lakini chama cha wapenzi wa Bach cha Paris kilimpa piano yenye vibao vya miguu kama vya kinanda cha kanisa, iliyotiwa bati la zinki kwa ajili ya joto, unyevu na wadudu. Akajizoeza juu ya piano hiyo katika saa zake za mapumziko, hata aliporudi Ulaya aliweza kupiga mbele ya watu. Twapenda kumfikiri mtu yule, baada ya kazi ya mchana, akikanyaga vibao vile kando ya mto Ogowe, asiwepo wa kumsifu. Hapo palikuwa na tokata ya kweli: mguso tu.

Wa tano ni Maurice Ravel, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1875. Vita kuu ya kwanza ilipotokea mwaka 1914, vita ile ambayo hata Afrika ya Mashariki iliionja, Ravel alitaka kupigana, lakini alikuwa mdogo wa mwili. Hata hivyo alipata kuendesha gari la mizigo la jeshi karibu na Verdun mwaka 1916. Mwanzoni mwa mwaka 1917 mama yake akafa. Mwaka huo alimaliza vipande sita vya piano, akaviita Le Tombeau de Couperin, yaani ukumbusho wa Couperin, mtunzi Mfaransa wa harpsikodi wa zamani. Kila kipande alikiandika kwa kumbukumbu ya marafiki waliouawa vitani. Cha sita na cha mwisho ni tokata, nayo ni kwa Joseph de Marliave, aliyeuawa mwezi wa Agosti mwaka 1914. Mke wa marehemu huyo, Marguerite Long, alikuwa mpiga piano. Naye ndiye aliyevipiga vipande hivyo kwa mara ya kwanza mbele ya watu mjini Paris, mwezi wa Aprili mwaka 1919.

Katika tokata hii kibao kile kile chapigwa tena na tena kwa upesi mkubwa. Haikuwezekana hivyo katika piano za kwanza, kwa kuwa kibao kilitaka kurudi juu kabisa kabla ya kupigwa tena. Mtambo wa Érard, uliopewa hati ya uvumbuzi mwaka 1821, ulikizuia kinyundo kisianguke chini kabisa, kikawa tayari kupiga tena upesi. Basi uvumbuzi wa fundi ulimfungulia mtunzi mlango. Lakini ufundi hautoshi. Wazieni yule mjane kitini, mbele yake vibao vinavyotaka vidole visivyotetemeka, na muziki ni wa mume wake aliyekufa. Muziki wenyewe haulii. Waanza kwa sauti ndogo, waenda, wapanda, na mwisho wake waingia katika mwanga na furaha. Angaliruhusu machozi kuingia vidoleni, kazi ingaliharibika. Aliyashika, na kwa kuyashika akamheshimu mumewe.

Sasa mwaona kwa nini tulisema kwamba kiini cha tokata ni jaribio. Merulo alijaribu kinanda. Frescobaldi alijaribu uhuru, Bach alijaribu pumzi, Schumann alijaribu nguvu za vidole ambazo mwenyewe alikuwa amezipoteza, Widor alijaribu jumba zima la mawe, na Ravel alijaribu kama huzuni yaweza kubebwa bila kumwangusha abebaye. Wote walitumia mbio, walakini hakuna hata mmoja aliyetawaliwa nazo.

Mkipata nafasi ya kusikiliza tokata, twawashauri mambo matatu. La kwanza, msitazame wingi wa sauti. Tegeni sikio mjue kama kila sauti yasikika peke yake, kama punje zilizochaguliwa vizuri. La pili, sikilizeni kimya kilichoachwa katikati, maana mpigaji asiyejua kunyamaza bado hajajua kupiga. La tatu, sikilizeni jinsi aingiavyo mwishoni: je, afika kama mtu aliyetembea mwendo wake, au kama mtu aliyefukuzwa?

Na ninyi vijana mnaojifunza kinanda shuleni, hata kama ni kile kidogo cha kukanyaga, msidhani kwamba habari hizi ni za mbali nanyi. Nasi sasa huwaambia wanafunzi wetu wa ualimu neno lile tuliloambiwa asubuhi ile ya aibu: kaa, bonyeza kibao kimoja, sikiliza mpaka sauti ife. Wengine hununa, wakidhani ni adhabu, kama tulivyodhani sisi. Twawaacha wanune. Miguu yao ikisha kuzoea kutoa pumzi bila kukumbushwa, vidole vitakwenda vyenyewe, na siku hiyo watatupita sisi kwa mbali, nasi tutafurahi.